Isale Niliyompa Mwana Mpotevu

Mama yangu alikaa miaka tisa bila kushiriki Meza ya Bwana, na mimi binti yake, mwalimu mstaafu, mtu wa kuaminiwa na kamati, nilikaribia kumwongezea mingine tisa kwa kalamu yangu mwenyewe. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana najisifu huko mbele. Maana kujisifu nitajisifu kidogo. Furaha niliyoipata mwisho wa jambo hili siwezi kuificha, na sioni kwa nini niifiche.

Chanzo ni msiba wa baba. Dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka mitatu, aliolewa Mabogini, kule chini kwenye mpunga, na mwanamume ambaye si Mchagga na hana hata mgomba mmoja. Mama hakuwahi kusema hampendi mkwe wake. Alisema tu kwamba wali si chakula, na kila mtu nyumbani akaelewa. Baba alipougua, mama alikataa dada aambiwe. "Mwacheni na mpunga wake," alisema, na sisi tukanyamaza, Mungu atusamehe. Dada alifika baba akiwa tayari kwenye jeneza. Siku ya mazishi, mbele ya wachungaji wawili, kwaya ya akina mama na ukoo mzima, alimgeukia mama akasema kwa sauti: "Umenificha baba yangu mpaka amekufa. Wewe si mama, ni adui." Kisha akapanda gari, akateremka zake na mumewe.

Sasa, kwetu Machame kuna njia ya kumaliza mambo ya namna hii. Aliyekosa anakata jani la isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa kihamba, shamba la migomba la ukoo, na makaburini, anampa mtu mzima anayeheshimika alipeleke kwa aliyekosewa. Isale ikishafika mlangoni huna ujanja. Hata kama una hasira ya kuvunja vyungu, unaipokea, na yamekwisha. Sheria hii ni ya tangu enzi za Mamangi, watawala wetu wa zamani, na kanisa lilipokuja liliikuta, likaiacha. Basi mama akakaa kusubiri isale ya dada. Na dada akakaa kule Mabogini akisema aliyekosewa ni yeye, kwa hiyo isale ndiyo imteremkie. Wote wawili ni wabishi, na mimi nimechukua kwao sehemu yangu.

Tatizo la mama ni kwamba hajui kudanganya kanisani. Mchungaji akitangaza kwamba mwenye kinyongo na ndugu yake akapatane naye kwanza kabla ya kusogea mezani, wengine tunameza mate na kusogea. Mama anabaki kwenye benchi. Jumapili zote za Chakula cha Bwana kwa miaka tisa nilimpita pale akiwa ameshika pindo la kitenge chake, akiangalia mbele. Ana umri wa zaidi ya themanini. Siku moja tukimenya ndizi jikoni aliniambia, kama mtu anayeagiza chumvi, "Nikifa kabla hajaja, msimwambie kwamba nilikuwa namsubiri." Nililia mpaka ndizi zikageuka rangi kwenye beseni.

Katika hali hiyo ndipo nikaitwa kwenye kamati.

Kanisa letu lilikuwa limeamua kupata tafsiri mpya ya Injili kwa Kichagga cha upande wetu, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imebaki mikononi mwa wazee wachache na maneno yake vijana wanayasikia kwa mbali. Tulikuwa watatu. Mchungaji, kijana mpole mwenye kompyuta na kifua kisichopenda ukungu wetu. Mwinjilisti mstaafu, mzee anayejua kila neno la Kichagga na kila mtu aliyewahi kulitumia vibaya. Na mimi, kwa sababu nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mwandiko wangu unasomeka. Tulikutana kila Alhamisi kwenye ofisi ya usharika, chai ya maziwa mezani, na kila tukimaliza sura mchungaji alikwenda kuichapa Bomang'ombe akaturudishia nakala.

Jamani, watu wanadhani kutafsiri ni kuchukua neno hapa na kuliweka pale. Nilidhani hivyo hivyo. Alhamisi ya kwanza tulikaa asubuhi nzima kwenye mkate. Mkate wa kila siku. Mwinjilisti alisema kwetu mtu hamwombi Mungu mkate, mkate ananunua dukani mgeni akija. Mtu anaomba ndizi. Mchungaji akasema, lakini Bwana Yesu hakula ndizi. Mwinjilisti akamjibu, "Hakuletewa." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mwisho tuliandika neno letu la chakula, lile la kumwita mtu aje ale, na nilipolisoma kwa sauti mara ya kwanza niliona kama naomba kweli, si kama nakariri.

Hata jina la Mungu lilinifundisha kitu. Mama anasali kwa lugha mbili. Akimwomba Mungu kwa Kiswahili anasimama wima, anachagua maneno, anamshukuru kwa kila jambo kama vile anaongea na Mkuu wa Wilaya. Akimgeukia Ruwa, kwa Kichagga, anakaa kwenye kigoda na kumlalamikia kuhusu magoti yake, bei ya pumba za ng'ombe na mimi. Ni Mungu yule yule, hilo hana shaka nalo. Lakini Ruwa anaambiwa mambo ambayo yule mwingine hajawahi kuyasikia.

Basi nikakolea. Nikawa naona kazi yetu ni kumfanya Yesu awe jirani yetu, mtu wa kihamba cha tatu kutoka kwetu. Na hapo ndipo nilipopotea.

Tulipofika kwenye hadithi ya mwana mpotevu, zamu ya kuandika rasimu ilikuwa yangu. Nikafika pale kijana anapokusudia kurudi nyumbani kuomba radhi, nikasimamisha kalamu. Anarudije? Anamwendea baba aliyemwacha kwa dharau, mikono mitupu, bila mzee wa kumtangulia, bila chochote? Kwetu huko si kuomba msamaha, ni kuongeza kosa. Msomaji wangu atamwona kijana hana adabu, na baba ni mtu wa ajabu, anayepokea kosa ambalo halijaombewa. Nikaona niwasaidie wote wawili. Nikaandika kwamba kijana alikata isale akaja nayo.

Wallahi nilijisikia msomi! Alhamisi nikaisoma mbele ya kamati. Mwinjilisti alipiga meza kwa kiganja. "Hapo sasa! Hapo mtu wa kwetu anaelewa." Mchungaji alijikuna shingo akasema kwa upole kwamba haoni isale kwenye maandiko ya asili. Nikamwambia, kwa sauti ile ya darasa la nne, "Mchungaji, hatuongezi kitu, tunafafanua." Akanywa chai yake. Kijana yule ana heshima mno, na siku ile heshima yake haikutusaidia.

Kanuni ya kazi ilikuwa kwamba kila sura ikishaandikwa, mmoja wetu anakwenda kuisoma kwa mtu wa kawaida kijijini, kisha anamwacha aisimulie kwa maneno yake mwenyewe. Anachosimulia ndicho ulichoandika, hata kama hukukusudia. Nilimchagua mama. Wala sikufikiria mara mbili, yeye ndiye alikuwa karibu, anakoroga mtori.

Nilisoma. Alipofika kijana kwenye isale, mwiko ulisimama. Nilipomaliza hakunisimulia chochote. Alikaa, akafuta macho kwa ukingo wa kitenge, akaanza kucheka.

"Kumbe hata Biblia!" akasema. "Miaka yote naisikia hii kwa Kiswahili, hawajawahi kuitaja isale. Kumbe Waswahili waliiruka!"

"Mama, subiri kidogo," nikaanza.

"Nisubiri nini? Si nimesubiri miaka tisa? Yule kijana alileta isale ndipo baba akampokea. Mpigie dada yako. Mwambie Bwana Yesu mwenyewe amesema alete isale."

Alikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni kwake tangu baba afe. Alisimama wima bila fimbo. Nami mwoga mkubwa, badala ya kusema ukweli palepale mtori ukiwa bado motoni, nilichukua simu nikatoka nje kwenye migomba nikampigia dada. Nikamweleza ujumbe wa mama, nikaulainisha pande zote nilizoweza.

 Nilisikia maji yanapita kwenye mfereji huko aliko. Halafu dada akaniuliza, "Hiyo Biblia yenu mmeitunga lini?"

"Dada, si kutunga..."

"Ninayo yangu hapa. Naisoma kila jioni nikitoka shambani. Hiyo hadithi naijua mstari kwa mstari, na nitakuambia kwa nini naijua, kwa sababu naisoma nikimfikiria mama. Isale haimo. Mmeiweka ninyi huko juu ili mnifunge nayo." Akavuta pumzi. "Mwambie mama, kama Mungu wake naye anadai isale, basi sitakuja kabisa." Akakata.

Nilibaki nimeshika simu katikati ya migomba. Nilijichukia. Neno moja, ambalo nililiweka kwa nia njema na majivuno kidogo, lilikuwa limempa mama sababu ya kukaa palepale alipo mpaka afe, tena akiwa na uhakika kwamba mbingu iko upande wake. Na lilikuwa limemnyang'anya dada mahali pekee alipokuwa akikutana na mama jioni.

Nilirudi jikoni nikamwambia mama kila kitu. Kwamba isale niliiweka mimi. Kwamba Waswahili hawakuruka kitu.

We! Mama akikasirika hapigi kelele. Alisema, "Umemsingizia Bwana Yesu," akaniondolea bakuli la mtori mbele yangu. Siku tatu hakuninywesha hata chai. Nilikuwa nakwenda kumkamulia ng'ombe asubuhi, nasema, "Shikamoo mama," ananiitikia, "Marahaba," kwa sababu salamu ni salamu, kisha ananyamaza mpaka niondoke. Mwanamke wa umri wangu, nina wajukuu, nilikuwa natembea kihambani kama mtoto aliyevunja chupa ya taa.

Alhamisi niliwaambia kamati. Mwinjilisti alinuna, kwa sababu isale ile alikuwa ameshaipenda. Alisema bila isale baba yule ataonekana mjinga. Mchungaji, safari hii bila kujikuna shingo, akasema, "Mzee wangu, labda ndivyo alivyokusudia aonekane." Tukaifuta. Nilirudi nyumbani na karatasi safi mfukoni.

Siku ya nne mama aliniita mwenyewe. Alikuwa uani, kwenye kigoda, anachambua maharage.

"Lete hiyo karatasi yako. Soma ilivyo. Ukiongeza hata nukta nitajua."

Nikasoma ilivyo. Alinisimamisha mara nyingi kuliko mkaguzi wa elimu.

"Alibeba nini?"

"Hakubeba kitu, mama."

"Nani alimtangulia?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo baba yake hakujua kama anakuja kuomba radhi. Huenda alikuwa anakuja kudai tena."

"Hakujua."

"Na akamkimbilia."

"Akamkimbilia."

"Mzee mzima," akasema mama, na sauti yake ilikuwa na karaha kidogo. "Mzee hakimbii. Mzee anakimbia nyumba ikiungua." Akachambua maharage matatu, manne. "Alimwonaje akiwa bado mbali?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikasema nadhani alikuwa na tabia ya kuangalia njia.

 Kutoka kwenye kigoda kile unaona njia yetu yote mpaka barabarani, na kigoda kile kimekaa palepale tangu msiba wa baba. Mimi nilikuwa nadhani anakaa pale kwa ajili ya jua. Aliangusha maharage kwenye ungo, akajifuta mikono, akaniuliza, "Huyo mchungaji wako, gari lake linafika Mabogini?"

Nilitaka kurukaruka. Nikajizuia, nikasema linafika.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Mama alipakia mkungu wa ndizi, galoni la maziwa na kuku wawili waliofungwa miguu, akasisitiza kwamba vyote ni vya wajukuu. Tulipopita kwenye mpaka wa kihamba niliangalia isale zilizosimama pale, nikamwuliza kwa sauti ndogo kama tukate moja, maana kosa la kumficha dada ugonjwa wa baba lilikuwa la kwetu. "Ya nini?" akasema. "Umesema hakuna aliyebeba." Mchungaji alicheka peke yake kwenye usukani.

Tukateremka, ukungu ukatuacha, tukaingia mjini, tukapita mtaa wa Soweto, joto likaanza. Mama alivua sweta, kisha akavua kilemba, kisha akasema hakujua kwamba dada anaishi kwenye tanuri. Kadiri tulivyokaribia ndivyo maneno yake yalivyopungua. Kwenye mifereji ya kwanza ya Mabogini alikamata mkono wangu. "Na akinifukuza?" Hilo ndilo swali aliloniuliza, mama yangu ambaye hajawahi kuniuliza swali asilolijua jibu. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

Hatukuwa tumemwambia dada kwamba tunakuja. Shemeji tulimkuta njiani akisukuma baiskeli. Alipotambua ni nani yuko ndani ya gari aliiachia baiskeli ikaanguka. "Shikamoo mama," akasema, na mama akajibu, "Marahaba, mwanangu," neno ambalo hajawahi kumwita. Akatuonyesha kwa kidole. Dada alikuwa kule katikati, kwenye majaruba, ameinama na akina mama wengine wanapandikiza mpunga, maji mpaka kwenye mashavu ya miguu.

Nilisema nikamwite. Mama alikuwa ameshafungua mlango.

Tuta linalotenganisha majaruba ni jembamba, mtu wa mlimani halijui. Mama alilishika kwa fimbo na kwa hasira. Alikwenda upesi, halafu upesi zaidi, na mimi nyuma yake nimenyoosha mikono kama anayefukuza kuku, namwambia, "Mama, taratibu, mama!" Mbio za mtu wa zaidi ya themanini watu wengine wangeziita kutembea. Lakini mimi namjua mama, na nasema alikuwa anakimbia. Wale akina mama waliacha kupandikiza wakasimama. Dada akainua kichwa. Wakati huohuo mguu wa mama ukateleza, ukaingia kwenye jaruba mpaka gotini, na akakaa palepale kwenye tuta, kitenge chote tope.

Dada alifika kabla yangu, ametimka kwenye maji yakaruka pande zote. Alipofika akapiga magoti mle mle, mikono yake ina miche ya mpunga bado, akaanza. Na nilijua tangu neno la kwanza kwamba maneno yale alikuwa ameyapanga kwa muda mrefu, kwa sababu yalitoka yamenyooka.

"Mama, siku ile ya kumzika baba nilikutukana mbele ya watu. Nilikosa. Sina uso wa kukutazama. Naomba unisikilize mpaka mwisho, halafu kama utaona..."

"Kiatu changu," mama akasema.

"Mama, niache niseme..."

"Kiatu changu kimebaki humo kwenye tope lako. Nitafutie kiatu, mwanangu, halafu unipe chakula. Nina njaa tangu asubuhi." Akamshika dada kichwa kwa mikono yote miwili, akakivuta kifuani, na tope likaenda kila mahali.

Nililia, sioni aibu. Akina mama wa kwenye majaruba wakapiga vigelegele ingawa hakuna aliyewaeleza kitu. Kiatu hakikuonekana. Dada alivua malapa yake kwenye tuta akamvika mama, na yalikuwa makubwa, mama akawa anayaburuta mpaka nyumbani huku akilalamika kwamba watu wa mabondeni wana miguu mirefu.

Tulikula wali. Shemeji alichinja mmoja wa wale kuku, akasema wajukuu wamemtoa kumkaribisha bibi yao. Mama alikula sahani ya kwanza kwa uangalifu, ya pili bila uangalifu. Katikati ya kula, akichokonoa mfupa, alisema bila kumtazama mtu, "Baba yako alikuwa anakuuliza. Nilimwambia uko safarini. Nilikuwa na hasira kwa sababu uliondoka ukafurahi." Dada akaweka kijiko chini. Walitazamana. Nilidhani sasa kazi yote itaharibika. Dada akasema, "Nilifurahi kweli, mama. Bado nafurahi," na mama akasema, "Naona," akasogeza sahani aongezwe.

Tulirudi jua likiwa limeanza kulegea, mama ana kilo kadhaa za mchele miguuni na malapa ya dada. Mchungaji alikuwa anaimba. Tulipoanza kupanda, baridi ikaingia dirishani, mama akaniambia:

"Hakumaliza."

"Nani, mama?"

"Dada yako. Alikuwa na maneno mengi yamepangwa. Sikumwacha amalize, sikuwa na haja nayo, nilishamwona." Akafikiri. "Kwenye ile hadithi yenu, yule kijana alimaliza? Umenisomea kwamba kabla ya kuondoka alijipangia maneno. Alipofika, uliyasoma yote mpaka mwisho. Baba aliyekimbia vile alisimama akasikiliza hotuba yote? Si kweli. Mimi sikuweza."

Nikamwambia nitaangalia.

Niliangalia kabla hata ya kuvua viatu. Nikaweka rasimu yetu kwenye meza ya jikoni, pembeni nikafungua Biblia ya Kiswahili. Kabla ya kuondoka kijana alipanga kusema amekosa, kwamba hastahili kuitwa mwana, na kwamba baba amfanye kama mmoja wa vibarua wake. Alipofika alisema kwamba amekosa na kwamba hastahili. La vibarua halimo. Baba ameshawageukia watumishi, anaagiza nguo. Nikasoma tena. Halimo. Katika rasimu yetu lilikuwemo, kwa mwandiko wangu unaosomeka, kwa sababu mimi ni mwalimu na nilipoona mwanafunzi ameishia njiani nilimmalizia sentensi. Isale niliiweka nikijua. Hili nililiweka bila hata kujua, na kamati nzima tulilisoma tukalipitisha, watu watatu wenye miwani.

Nikachukua kalamu nikaufuta mstari. Kisha nikatoka uani kumwambia mama.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameipa njia mgongo, anasugua tope kwenye malapa.

"Ulikuwa sahihi," nikasema. "Hakumaliza."

"Najua," akasema mama. "Jumapili ijayo kuna Chakula cha Bwana. Unipitie mapema, hivi viatu vinanichelewesha."